Kofi la Nyongeza

Mama mwenye mtoto wa chekechea, weka kazi chini usikilize, maana yaliyomkuta Verediana hayakubisha hodi.

Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu Liberatus, katika shule moja ya binafsi kule Uyole. Ndani, binti yake Jackline alikuwa anafanyiwa usaili wa darasa la kwanza. Mlango haukufungwa, kwa hiyo mama alisikia kila kitu.

"Haya Jackline, nihesabie vizibo kumi. Viweke hapa mezani."

Mtoto akaanza kuimba, tena kwa raha zake:

"Moja weka, mbili weka, tatu weka, nne weka, pa! Tano weka, fungu tayari!"

Akaimba mara ya pili, fungu la pili likakamilika. Mwalimu akavihesabu vizibo. Kumi na viwili.

"Hesabu tena, Jackline."

Kumi na viwili. Mara ya tatu, vilevile.

Mwalimu Liberatus akatoka akijikuna kidevu. "Mama Jackline, mtoto kachangamka, silabi anasoma vizuri. Ila hesabu bado. Mlete tena Ijumaa. Akishindwa, itabidi arudie chekechea mwaka mzima."

Mwaka mzima! Verediana alirudi Iyunga damu inamchemka. Hata kitenge hakubadili, akamwaga maharage mkekani, akamwambia mtoto ahesabu kumi. Safari hii akakodoa macho kwenye mikono, na hapo ndipo alipoona. Kila ikifika "pa!", mkono mmoja unapiga kofi mkekani na mwingine unasogeza haragwe.

"Hilo ulilosogeza sasa hivi ni la ngapi?"

"Hilo siyo la ngapi, mama. Hilo ni la kofi."

Verediana akashika kiuno. Wimbo wenyewe aliujua kuliko mtu yeyote hapa duniani. Mama yake ndiye aliyeutunga, barabarani Ilula, walipokuwa wakiuza nyanya kwa abiria wa mabasi. Fungu lilikuwa nyanya tano na nyongeza moja. Lakini Verediana, wakati huo msichana wa miaka tisa, alikuwa akishahesabu tano anakabidhi mfuko, na basi linaondoka kabla hajakumbuka nyongeza. Abiria wakawa wanatukana dirishani mpaka basi linapotelea konani. Basi mama mtu akaipachika nyongeza kabla ya ile ya tano, isisahaulike: "Nne weka, nyongeza weka, tano weka." Wasichana wote wa pale wakaushika.

"Kumbe walimu wa chekechea wameuokota huko Ilula wakaukata," alijisemea. "Wamelitoa neno wakatia kofi! Watanitambua."

Kesho yake asubuhi alimkuta Mwalimu Nasrin, mwenye chekechea, anafagia uwanja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Mama Jackline. Mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?"

"Wimbo wenu wa kuhesabu unaniharibia mtoto, kila kofi anasogeza kitu. Nani aliwaambia mtoe neno nyongeza?"

Mwalimu Nasrin akaegemea ufagio. "Nyongeza ipi tena? Sisi wimbo tumeupokea hivyohivyo, na kofi lake."

"Mmeupokea kwa nani?"

"Kwa Jackline! Alikuja nao wiki ya kwanza, watoto wakaufurahia, nami nikaona unafaa. Sasa chekechea nne za hapa Iyunga zinauimba. Nilipomuuliza kautoa wapi, alisema, 'Mama anaimba gengeni.'"



Gengeni, pale anapouza nyanya siku hizi. Ni kweli. Wateja wa Iyunga si abiria; wanasimama hapohapo, masikio wameyatega. Wakisikia neno nyongeza wanadai mbili, wengine tatu. Mwenyewe ndiye aliyeacha kulitamka. Akifika hapo alidondosha nyanya kwenye mfuko, akapiga meza kofi, pa!, mambo yakaisha. Na Jackline alikuwa amekaa juu ya kreti, anatazama mikono ya mama yake.

"Basi uondoe, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini.

"Niuondoe vipi? Mahafali wiki ijayo, wazazi wameshazoea. Mimi nilidhani kofi ni la kuchangamsha tu. Huyo wako ndiye anayesogeza kitu, maana ndiye aliyekuona gengeni."

Siku tatu zilizobaki Verediana hakuimba. Gengeni alihesabu kwa sauti kavu, moja mpaka sita, ili mtoto asikie. Mteja mmoja akaguna, "Leo umekuwaje, dada? Sita hizo, na nyongeza iko wapi?"

"Ya sita ndiyo nyongeza!"

"Aa, umeshaihesabu hiyo. Niwekee nyingine."

Akaweka ya saba kwa hasira, na Jackline akamwuliza, "Na hiyo mama, ni ya ngapi?" Verediana alitamani ardhi ipasuke.

Nyumbani alimfunga mtoto mkono wa kushoto kwa leso asipige kofi. Mtoto akapiga kwa mguu. Akamkaripia, mtoto akalia: "Mbona wewe unaweka?"

Ijumaa ikafika. Verediana alisimama nje ya dirisha la ofisi ya Mwalimu Liberatus, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Uyole. Jackline hakuimba. Alisogeza vizibo polepole, midomo imebana. Moja, mbili, tatu, nne. Akasimama. Akageuka dirishani kumwangalia mama yake.

Verediana akatikisa kichwa: usipige.

Mtoto akaelewa: usiendelee. Akaiweka mikono mapajani.

"Endelea, Jackline," mwalimu alisema. Alisubiri sana. Jackline hakugusa kizibo kingine.

"Mwakani, Mama Jackline," alisema Mwalimu Liberatus, akifunga faili. "Hana shida mtoto huyu. Anaogopa tu kukosea."

"Najua, mwalimu," Verediana alisema, akaingia na kumwinamia binti yake amfute machozi.