Mzee Adamu Hana Shida

Ukimwuliza Adamu Bwanausi anahitaji nini, atakwambia hana shida. Ndivyo alivyoumbwa. Alijibu hivyo upepo ulipoezua nyumba yake, na akajibu hivyo siku ya hitima ya mkewe, macho yamemwiva kwa kulia. Sasa alikuwa amejibu hivyo tena mbele ya wageni wa nchi tano, na safari hii jibu lake lilikuwa linamponza.

Wageni wenyewe walitoka Malawi, Uganda, Ghana, Msumbiji na Komoro. Walikusanyika kwenye ukumbi mmoja upande wa Mbegani kuulizana jambo ambalo lingefaa kuulizwa zamani sana: hawa wasimamizi wa ubora wa huduma za afya, wanaokagua kama wodi ni safi, kama dawa zinatolewa sawasawa na kama mgonjwa anatendewa kiutu, wafundishwe nini hasa? Maana kila nchi ilikuwa nao, na karibu kila nchi iliwatupa kazini hivihivi. Adamu, mmoja wa wasimamizi wa Tanzania, aliteuliwa asubuhi, na mchana akaanza kukagua. Hakuna aliyemwonyesha hata pa kuanzia.

Kazi ya kukusanya majibu ya Watanzania ilimwangukia Hafidha, mratibu wa vituo vyote vya afya vya ukanda ule. Sharti lilikuwa fupi na, kusema kweli, la kijinga kidogo. Mwenye kutaja mahitaji yake angeingizwa kwenye mafunzo na kupata cheti, na asiye na cheti angeachia usimamizi. Majina yangefungwa alasiri ileile.

Hafidha hakutaka Adamu aachwe. Ndiye aliyempokea akiwa muuguzi mgeni, akamfundisha kushika sindano na kushika ulimi. Isitoshe, tangu amzike mkewe, kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha mzee wa watu na kumvalisha shati safi. Ukimnyang'anya hiyo umemmaliza.

Walipotoka kunywa chai akamfuata barazani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjamana?"

"Umejibu huna unachohitaji. Wenzako wametaja takwimu, wametaja kompyuta. Wewe umeandika tunashukuru."

"Si tunashukuru kweli? Nitajilizaje mbele ya wageni? Hatukulelewa hivyo."

Hafidha alimwomba, akambembeleza, akakaribia kumfokea. Adamu akampa andazi. Ukishapewa andazi na Mzee Adamu, ujue mazungumzo yamekwisha.

Shaima, mgeni wa kutoka Komoro, alikuwa ameketi ndani ya mlango wa baraza na alisikia yote. Hafidha alipoingia amenuna, Shaima akacheka.

"Na kwetu wazee ndio hivyo. Usimwulize yeye amepungukiwa na nini, dada. Mwulize atakayemrithi afundishwe nini ambacho yeye hakufundishwa. Hapo hajililii, anamwombea mwingine."

Hafidha akarudi barazani, akauliza hivyohivyo. Adamu akaweka kikombe chini.

"Huyo? Huyo afundishwe kompyuta, asiwe kama mimi. Mimi tarakimu naziona, nikibonyeza tu zinanikimbia. Afundishwe kuongea na mgonjwa, maana huku kwetu ukimwuliza mgonjwa amehudumiwaje atasema alhamdulillahi hata kama amelala sakafuni, na wewe utaandika ameridhika." Hafidha alikuwa anaandika mbio, moyo umemtulia. Haya yangetosha kabisa, na angeweza kuondoka.

"Lakini kubwa," Adamu akasema, sauti imeshuka, "afundishwe namna ya kusema kosa la mtu bila kumvua nguo. Sisi tumefunzwa kusitiriana. Ukiona aibu ya mwenzio, uifunike, na Mungu atafunika yako. Halafu serikali inakupa kazi ya kufunua. Unafunua vipi, Hafidha? Hasa akiwa mtu unayempenda?"

"Limekukuta?"

Adamu akatazama kikombe chake. 

"Limenikuta. Mtu mwenyewe ni wewe."

Ilihusu geti la kituo anachokikagua Adamu. Hafidha ndiye aliyetoa amri kwamba wagonjwa waingizwe kituoni kidogo kidogo, ili ndani pasiwe na msongamano, na kwamba muda wa kusubiri uhesabiwe tangu mtu anapoandikishwa ndani. Muda ulipungua ajabu. Wakubwa walifurahi, wakaja kumpa ngao ya pongezi na kupiga naye picha. Ila watu hawakupungua, walihamia nje ya geti tu, juani, na huko hakuna aliyewahesabu. Siku ileile ya ngao, mama mmoja wa Fukayosi aitwaye Mwanahija alifika akiwa katika uchungu. Mlinzi alishika amri, akamwambia angoje kundi lake. Akajifungulia pale getini, chini, mchangani.

"Walipona?" Hafidha aliisikia sauti yake mwenyewe kwa mbali.

"Walipona wote wawili, Mungu mkubwa. Taarifa haikuandikwa kwa sababu hakuwa ameingia. Kwa mahesabu yetu, mama yule hakufika kituoni."

Kwanza Hafidha alipandwa na hasira, na tusimlaumu, ndivyo aibu inavyoanza.

"Kwa nini hukuniambia, mwalimu? Mpaka leo lile geti linafanya kazi vilevile!"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umeshika ngao, unacheka kama siku uliyofaulu mtihani. Nikasema nikusitiri."

"Mimi umenisitiri. Na Mwanahija, alisitiriwa na nani?"

"Na wanawake wenziwe," Adamu akasema. "Kwa khanga zao. Walizivua mabegani wakamzungushia."

Akalia. Hakujificha, hakujifanya vumbi limemwingia. Hafidha naye akalia, akiwaona wanawake wale wamesimama juani na mabega wazi, wanafanya kazi ambayo yeye alikuwa analipwa kuifanya. Alimpenda mzee huyu, na wakati huohuo alitamani kumtikisa. Kisha akafuta uso, akampigia simu mlinzi, akamwamuru afungue geti lote na aliache wazi, na mama mjamzito asizuiwe hata kwa sekunde.

Ukumbini, kila nchi ilisimama na majibu yake. Takwimu, kompyuta, takwimu, vitabu vya miongozo, kompyuta tena. Ungedhani wamenakiliana. Zamu ya Tanzania ilipofika, Hafidha alikuwa na njia mbili. Angeweza kusoma maneno ya Adamu kuhusu kompyuta, mzee akapata nafasi yake, na mambo yakaishia hapo. Wakubwa wake wawili, waliomkabidhi ngao, walikuwa wameketi safu ya mbele.

"Msimamizi wetu Adamu Bwanausi," alisema, "anaomba wasimamizi wafundishwe namna ya kumwambia mkubwa wao kwamba amekosea."

Mgeni wa Malawi akainua macho kutoka kwenye simu yake. Shaima akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wa nyumbani kwake.

"Tupe mfano," mmoja wa wakubwa akasema.

"Mfano ni mimi."

Kiti kilikwaruza sakafu. Adamu alikuwa amesimama, mikono ameinyoosha mbele kana kwamba anataka kumkinga na kitu.

"Mabwana, samahanini," akaanza, "huyu binti ni mchapakazi, jambo lenyewe ni dogo, tutalimaliza wenyewe nyumbani..."

Hafidha alimtazama mzee wa watu. Hakuna mtu aliyewahi kumpenda hivi kazini, na hakuna aliyewahi kumwumiza hivi.

"Kaa, mwalimu," alimwambia kwa upole. "Leo usinisitiri."

Adamu akabaki amesimama kidogo, kisha akakaa. Hafidha akawageukia wakubwa wake, akaanza na jina la Mwanahija.