Chaneli ya Maji ya Mkongola

Jumatatu saa moja asubuhi, Evelina alipakia mtandaoni video yake ya nane, ya wanawake wa Mkongola wakichota maji kwenye chemchemi iliyo bondeni, chini ya uwanda wa Newala. Ilipofika sekunde ya kumi, simu ya jirani yake, Mama Hilary, ilianza kutoa maji kwenye tundu la chaja. Mama Hilary akaiegemeza kwenye ukingo wa ndoo, akaendelea kupepeta mtama.

"Leo yana mchanga kidogo," alisema.

"Nilitikisa kamera, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu."

Evelina alikuwa amehitimu ualimu mwaka juzi na bado hajapangiwa shule. Alifungua chaneli ili nchi ione mwendo wa saa tatu wanaotembea wanawake kufuata maji, na mwisho wa kila video aliomba kijiji kiletewe bomba. Maji yalianza kutoka kwenye video ya pili. Kila simu ilitoa ndoo mbili kwa siku. Siku ya saba ikipita, video ilikauka, ikabaki picha na sauti.

Kwa hiyo kila Jumatatu ilihitajika mpya. Evelina alishuka bondeni, alirekodi, alihariri, alijibu maoni, na alilala akitabasamu. Wiki ya tisa akaugua malaria. Video haikupakiwa, simu zote za Mkongola zikakauka, na wanawake wakashika njia ya bondeni. Mama Hilary, mwenye miaka sitini na goti bovu, alirudi jioni na nusu ndoo.

Kesho yake alikaa kando ya kitanda cha Evelina.

"Wewe unafanya kazi kama mtu asiye na majirani," alisema. "Bondeni kila mtu ana zamu yake. Hata ndoo inakushikia nafasi kwenye foleni huku wewe uko shambani kwenye mikorosho."

Evelina aliinuka, homa ikiwa bado mwilini, akaomba daftari. Waliandika mpaka adhuhuri, wakikatizana maneno kwa furaha.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wanawake watano walishuka wakiwa na khanga za kubadilisha. Walirekodi video tano kwa siku moja, wakivaa khanga mpya kila mara ili zionekane za siku tofauti: nne za mwezi, moja ya akiba kwa ajili ya ugonjwa au msiba. Marko, fundi simu mwenye sola, alizikata na kuzipanga zijipakie zenyewe kila Jumatatu. Mama Hilary alichagua vichwa vya video.

"Huyu mkwe wangu Salome, video ya pili amekonda, ya tatu amenenepa," alilalamika dukani kwa Marko.

"Kabla ya ile ya tatu alikula mihogo, mama."

"Basi wote wale mihogo kwanza."

Kwa miezi minne haikukosekana Jumatatu hata moja. Bustani za mchicha zilichipua nyuma ya nyumba. Wasichana walifika shuleni kabla ya kengele. Evelina alikuwa na uhakika kwamba sasa bomba litakuja, na kweli, Alhamisi moja, gari la mradi wa maji likasimama mbele ya duka la Marko. Akashuka afisa aitwaye Faruku, akiwa na chupa tupu na fomu.

Aliomba video ichezwe. Alipima ndoo, akaonja, akaandika.

"Ndoo mbili kwa simu. Kijiji kinapata huduma."

"Na bomba, baba?" Evelina aliuliza.

"Bomba ni la wasio na maji."

"Lakini haya tunayafuata bondeni kwa miguu."

"Mara moja kwa mwezi. Nimetazama zote: khanga ni tofauti, siku ni moja. Mmejipanga vizuri sana."

Alisema kwa dhati. Kisha akatoa simu yake, akajiunga na chaneli, akajaza chupa.

"Mkiweza, mrefushe video mpaka dakika tano, maji yaongezeke," alisema akipanda gari. "Ofisini tuko kumi na mmoja, na bomba letu halitoi tangu Pasaka."

Evelina akaandika daftarini: dakika tano. Marko akapiga hesabu, akasema itabidi washuke mara mbili kwa mwezi.

Salome akauliza hiyo ya pili itakuwa Jumamosi ipi.