Somo la Chungwa

Mimi semina sizipendi, na sijawahi kulificha hilo. Kila likizo tunakusanywa ukumbini, tunavalishwa beji shingoni kama watoto wa chekechea wanaohofiwa kupotea, tunagawiwa kalamu za rangi, halafu kijana aliyemaliza chuo juzi anatuambia tukae katika makundi tujadili maana ya kujifunza. Nilianza kufundisha yeye bado ananyonya. Kwangu mimi, kufundisha ni kusimama mbele ya watoto, ukasema jambo kwa sauti inayofika dawati la mwisho, ukalirudia mpaka liingie. Kwa sababu hiyo wanafunzi waliniita Spika, wakidhani sijui.

Dada yangu walimwita Kwa Nini. Yeye alikuwa na darasa la nne, mimi la tano, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao usiofika darini. Ndiye aliyenitangulia katika ualimu, ndiye aliyenishika mkono hadi nikaingia chuoni, na tangu siku ya kwanza hatukuelewana hata kidogo juu ya kazi yenyewe. Dada hakuwa mtu wa kueleza, alikuwa mtu wa kuuliza. Hata mkoba hajauweka chini, utamsikia: "Nani atanikumbusha tulipoishia jana?" Mtoto akijibu, anaulizwa, "Umejuaje?" Mtoto akikosea, ndipo Dada anafurahi zaidi, anamwita ubaoni, "Njoo utuonyeshe ulivyofikiri," na darasa zima linalilalia kosa hilo kama kuku na mayai yake. Akishauliza, anangoja. Kungoja kwake kulikuwa kunanitia wazimu. Mimi muda huo ningekuwa nimeshatoa jibu, nimefuta ubao na nimeingia mada nyingine.

Nikipandisha sauti sana, mlango wangu unagongwa, anaingia mtoto wa darasa la nne na kusimama wima. "Shikamoo, mwalimu. Mwalimu wetu anaomba upunguze sauti. Anasema wake wanafikiri."

"Marahaba. Mwambie na wangu wanasikia."

Darasa langu linaangua kicheko, na ng'ambo ya ukuta namsikia Dada naye akicheka. Tuliishi hivyo miaka mingi.

Alikuwa na jambo moja alilolishika kama dini. Kila mwanzo wa mwaka aliandika hesabu ubaoni na kuikosea makusudi, kisha akakaa kitini na kungoja. Watoto waliotoka kwa walimu wa aina yangu walinakili kosa bila kupepesa macho. Dada aliendelea kungoja, siku hiyo, siku inayofuata, hadi mmoja anyooshe mkono akitetemeka na kusema, "Mwalimu, hapo umekosea." Basi siku hiyo ilikuwa sikukuu. Nyumbani alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, mtoto akiweza kuniambia mimi nimekosea, mengine yote atayapata mwenyewe. Asipoweza, hata nimjaze kichwa vipi, nimefanya kazi bure."

Wakaguzi hawakumwelewa. Walikuwa wakiandika kwamba darasa lake halina utulivu na mwalimu hatoi maelezo ya kutosha. Mimi, Spika, ndiye niliyesifiwa. Dada alisoma maneno yao, akakunja karatasi, akarudi darasani kuuliza maswali yake. Lakini mimi nililala naye chumba kimoja utotoni, nilijua yanamuuma.

Kisha upepo ukageuka. Zikaja mbinu shirikishi, na kila semina wimbo ukawa mmoja: mwanafunzi awe katikati, mwalimu apunguze maneno. Yule kijana wa kalamu za rangi, ambaye sote tulimwita Mkufunzi, alipita shuleni kwetu, akakaa nyuma ya darasa la Dada kipindi kizima, akatoka macho yamemtoka. "Yule mama anajua kunyamaza," alituambia ofisini. "Hata walipoishia jana hasemi, watoto ndio wanamwongoza. Mimi nimesoma habari za walimu wa namna hiyo, sijawahi kumwona mmoja." Akaamua Dada awe mwalimu wa mfano. Angefundisha somo moja mbele ya walimu wa shule zote za karibu, na likipendeza, angezungushwa shule kwa shule akiwafundisha wengine.

Nilimwona Dada usoni alipoambiwa. Maisha yake yote alikuwa akingoja mtu mmoja tu amwambie kwamba hakupotea njia, na sasa amepatikana, na bado hajastaafu. Wivu ulinipitia, sikatai, lakini haukukaa. Nilimpigia pasi gauni lake kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku yenyewe tulijazana nyuma ya darasa la nne, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Dada aliingia na chungwa, kisu na mkoba.

"Nani atanikumbusha tulipoishia jana?"

Walimu wakatazamana na kuandika. Watoto wakamkumbusha, mmoja akaanza, mwingine akamalizia. Dada akainua chungwa. "Nikiwagawia watoto watatu sawasawa, kila mmoja atapata theluthi. Nikiwagawia wanne, kila mmoja robo. Ungependa upewe ipi?"

Hapo nikatabasamu. Somo hilo nalijua. Kila mwalimu aliyewahi kufundisha hesabu za sehemu anajua kinachofuata: nusu ya darasa itataka robo, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Hakuna darasa linalopita hapo mara ya kwanza bila kujikwaa, hata lijae vipaji. Dada aliishi kwa ajili ya kosa hilo. Ndilo lililomfanya anunue chungwa.

Mikono yote ikapaa. "Theluthi, mwalimu." Wa pili, theluthi. Wa nyuma kabisa, yule anayejulikana kuwa mzito, theluthi, tena na sababu yake imekaa sawa. Dada akauliza, "Umejuaje?" na jibu likaja kabla swali halijaisha. Hakukosea hata mmoja. Wageni walipiga makofi mpaka mbao zikatikisika. Mkufunzi alikuwa anafuta macho.

Mimi nilikuwa nachemka. Kuna mchezo ambao walimu tunaufanya tukisikia wageni wanakuja, na asiyeujua si mwalimu. Somo unalifundisha kabla, unalifanyisha darasa mazoezi kama kwaya, unawaambia anayejua anyooshe mkono wa kulia na asiyejua wa kushoto, ili mgeni aone msitu wa mikono. Mimi nimeufanya. Mara ya kwanza Dada aliponigundua, alininunia wiki nzima. Na leo, siku yake kubwa, yeye mwenyewe ameufanya.

Wageni walipotoka kwenda kunywa soda, nilimfuata mezani. "Hata wewe? Umewafanyisha mazoezi?"

"Mazoezi ya nini?"

"Dada, mimi si Mkufunzi. Hakuna aliyesema robo."

Alinitazama. Namjua akidanganya, tangu utoto kope zake humsaliti. Kope zilitulia. "Leo ndiyo mara ya kwanza nawafundisha somo hili," alisema. "Hata mimi nimeshangaa. Nimepata darasa zuri sana mwaka huu."

Nilitoka nje. Watoto walikuwa bombani wakinawa mikono yenye maji ya chungwa. Niliwauliza bila kuzunguka, maana kuzunguka sijui, somo la chungwa wamefundishwa mara ngapi. Wakamwangalia kiranja wao, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Kila siku, mwalimu," alisema.

"Kila siku tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

Mvua zilikuwa zimeshakwisha. "Na ninyi mmekaa kimya tu?"

"Mara ya kwanza tulimwambia. Akalitafuta daftari lake la masomo kwenye mkoba, akatafuta, akakaa chini, hakuinuka mpaka kengele ikalia. Tulidhani anaumwa. Ndiyo tukakubaliana tusimwambie tena." Akajifuta mikono kwenye sketi. "Mambo mengine tunasoma wenyewe kitabuni mchana, mwalimu. Tunaulizana."

Mambo niliyokuwa nikiyapita yakaanza kurudi moja moja: funguo ndani ya boksi la chaki, siku aliyoingia darasani kwangu na kuanza kuita mahudhurio, siku alipomwita mume wangu "kaka" badala ya shemeji, tukacheka. Na kila asubuhi ng'ambo ya ukuta, nani atanikumbusha tulipoishia jana. Lilikuwa swali lake la siku zote, ndiyo maana hakuna aliyejua lini lilianza kuwa ombi. Ukuta ule haukufika darini. Ningeweza kusikia somo la chungwa likirudiwa kila siku, kama tu ningenyamaza.

Nilifikiri kunyamaza sasa. Angezungushwa shule kwa shule na somo lilelile, wangempigia makofi, angekuwa na furaha. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na darasa zima la watoto lilikuwa limejitwika mzigo wa mtu mzima. Wageni walipoondoka, nilifunga mlango na kumwambia, kwa njia yangu, moja kwa moja. Dada, unasahau.

Hakubisha. Alikaa akigeuza ganda la chungwa kwenye vidole. Nadhani alikuwa akijua kwa namna fulani, kama mtu anavyojua paa linavuja kabla hajaliona tone.

"Watoto wanajua?"

"Wanajua."

"Tangu lini?"

"Kabla yangu."

"Na hawakuniambia," alisema. Hilo ndilo lililomvunja. Nimemzika mama pamoja naye, nimemzika mume wake pamoja naye, sikuwahi kumwona Dada akilia vile. "Nimekosea mbele yao kila siku, na hakuna aliyenyoosha mkono."

"Wanakupenda, Dada."

"Sikuwafundisha kunipenda."

Nikaketi karibu naye.

Asubuhi iliyofuata aliniomba niingie naye darasani. Hakuuliza walipoishia. Alisimama mbele ya meza, mikono mitupu, akasema, "Leo nina swali moja tu. Mwalimu wenu ana kosa gani?"

Kisha akangoja. Walianza kuangalia chini. Mmoja akaangusha penseli na hakuinama kuiokota. Kila mfupa wangu ulitaka kusema kitu, chochote, niwaokoe wote. Dada alisimama palepale, ameinamisha kichwa kidogo kama alivyozoea, uso hauna hasira. Alikuwa akiwaomba, na wao walijua anawaomba.

Kiranja akanyoosha mkono. Machozi yalikuwa yanamfika kidevuni.

"Unasahau, mwalimu."

"Umejuaje?" Dada akamuuliza, taratibu, kama anavyomuuliza kila mtoto.

Msichana akaeleza. Akataja chungwa, akataja mvua, akataja siku ya mkoba, kwa mpangilio, bila kuruka, huku analia. Alipomaliza, Dada alitikisa kichwa kukubali. "Sawasawa kabisa," alisema. "Kaa chini, umefanya vizuri." Akachukua mkoba wake, akatoka. Mkufunzi tulimwambia mchana huohuo. Aliuliza kama hawezi hata kuja kukaa tu, walimu wamwone. Sikumjibu kwa adabu.

Sasa anaishi kwangu. Mimi nimehamishiwa darasa la nne, mwenyewe niliomba, na nauliza maswali vibaya sana. Kila mwanzo wa mwaka nakosea hesabu makusudi na kukaa kitini nikingoja, na kiti kinaniunguza.

Juzi nilirudi kutoka kazini nikamkuta kibarazani. Alinivutia kiti kwa heshima. "Karibu, mzazi. Umekuja kwa habari ya mtoto?"

Daktari alishatuambia tusimbishie. Ningeweza kumwambia mimi ni mdogo wako, kama nilivyomwambia siku zilizotangulia, nikamwona anavyoshtuka na kuomba radhi. Nikakaa. Nikamuuliza, "Wewe unaonaje, Mwalimu? Nafanana na nani?"

Kisha nikangoja. Alinikagua kwa muda mrefu, paji la uso, mikono, miguu yangu isiyotulia. Sikumsaidia.

"Una uso wa mtu asiyependa kungoja," alisema mwisho. "Ninaye mdogo wangu yuko hivyohivyo."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Si huyo anafundisha hapo chumba cha pili." Akainamisha kichwa akisikiliza. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. "Ni mwalimu mzuri, ila ana kelele. Ukitoka, mpitie, umwambie apunguze sauti kidogo. Wangu wanafikiri."

"Nitamwambia," nikasema, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza.