Jumamosi ya Hiari

Ujumbe wa Mkuu Maeng uliingia kwenye kundi la simu la idara ya mauzo Alhamisi alasiri. Watu wote wa idara walikuwa wameketi chumba kimoja, na yeye mwenyewe Mkuu Maeng alikuwa hapo hapo, karibu na dirisha, amewapa kisogo. Ujumbe ulisema: "Jumamosi tunapanda mlima kama familia moja. Hakuna anayelazimishwa."

Tak Yeon-hwa aliusoma, akavunjika moyo. Tangu aanze kuuza magodoro katika kampuni hiyo ya mjini Chuncheon, alikuwa amejifunza kwamba hakuna amri kali kuliko ile isiyolazimisha mtu. Amri ya kawaida unaweza kuiugulia mafua. Lakini ukikosa jambo la hiari, maana yake umekaa, ukafikiri, ukaamua kwamba humpendi Mkuu.

Simu zikaanza kulia mezani, moja baada ya nyingine. Ndiyo, Mkuu. Asante sana, Mkuu. Meneja Pyo, wa pili kwa cheo, akaandika kwamba amekuwa akiusubiri mlima huo kwa hamu kubwa, ingawa Jumamosi iliyopita waliupanda na akashuka anachechemea kama jogoo aliyekanyagwa na baiskeli. Likabaki jina la Yeon-hwa peke yake. Eun-gyo, jirani yake wa meza, akamkanyaga mguu.

"Jibu basi," alinong'ona. "Unatuchomesha."

"Jumamosi nina fainali."

"Fainali ya nini?"

"Ya mpira. Nacheza mpira."

Eun-gyo alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake anafuga simba bafuni. Yeon-hwa alikuwa ameificha siri hiyo kwa makusudi. Ofisi ikijua unacheza mpira, ama itasema nguvu za kukimbia unazo ila za kazi huna, ama itakuja yote kukushangilia kwa zamu, kwa cheo, na kupiga picha. Timu yake ya wanawake ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyemwita Msaidizi Tak. Kule alikuwa Yeon-hwa tu, winga wa kulia, na nahodha wake, Dada Ok-sun mwenye mkahawa wa kuku wa pilipili, alimtukana kwa mapenzi tele.

Akaandika: "Ndiyo, Mkuu." Akaongeza na kipicha cha mlima.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Wangepanda asubuhi, wangeshuka kabla ya mchana, yeye angeshika tumbo, angeomba ruhusa, na saa nane angekuwa uwanjani. Jumamosi ikafika, akavaa jezi na kaptula, juu yake akavaa suruali ya mlimani na koti, na viatu vya mpira akavifukia mkobani chini ya chakula cha njiani. Wenzake nao walikuja wamejipamba kwa kofia, glavu, fimbo mbili mbili na viatu vya kukanyagia barafu, ungedhani wanakwenda kwenye theluji ya milele na si kwenye kilima ambacho bibi wa jirani hukipanda kila siku na mbwa wake.

Mkuu Maeng alitangulia. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: yeye mbele, Meneja Pyo nyuma yake, kisha wengine kwa ukubwa wa vyeo, mpaka wa mwisho aliyebeba pombe ya mchele. Siku hiyo Mkuu alipanda taratibu ajabu. Kila baada ya kona alisimama, akashika kiuno, akasema, "Hebu tazameni mandhari." Wakatazama. Mahali pengine mandhari yenyewe ilikuwa mnara wa simu, wakautazama nao, na Meneja Pyo akasema kwamba ni mnara mzuri.

Kileleni walipiga picha wamekunja ngumi, wakala wali wao ulioviringishwa kwa mwani, wakanywa, wakamsifu Mkuu kwa kuwachagulia siku nzuri kama kwamba jua la Oktoba lilitoka kwa idhini yake. Yeon-hwa alitazama saa mpaka saa yenyewe ikaona haya.

Kushuka kukaanza. Wakafika kwenye njia panda. Ya kulia inateremka mpaka walikoegesha magari, na hakuna hata mmoja asiyeijua. Mkuu Maeng akashika ya kushoto.

Yeon-hwa alimwangalia Meneja Pyo. Meneja Pyo aliangalia majani ya mti. Eun-gyo alifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Na familia nzima ikapinda kushoto.

Njia ikawa nyembamba, kisha ikawa ya mbuzi, kisha ikawa si njia. Walipita kando ya kaburi la zamani, tuta la majani lililochongwa vizuri. Baada ya muda wakalipita tena. Walipolipita mara ya tatu Meneja Pyo aliliinamia kidogo, kama mtu ambaye sasa anafahamiana na mwenyewe. Hakuna aliyesema neno. Mkuu alitembea mbele, shingo imekakamaa, akipiga vichaka kwa fimbo.

Simu ya Yeon-hwa ikalia.

"Uko wapi wewe?" Ilikuwa sauti ya Dada Ok-sun, na msitu mzima ulimsikia.

"Dada, niko mlimani."

"Mlimani unatafuta nini? Mechi iko uwanjani."

"Niko na ofisi."

"Ofisi imehamia mlimani?"

"Dada, nakuja."

"Unakuja lini? Tuko pungufu. Mama wa duka la maua kateguka, kulia hakuna mtu, nitamweka mume wangu kwa wigi."

Simu ikakatwa. Watu wa mauzo walikuwa wamesimama wote wanamtazama. Yeon-hwa alihisi masikio yanawaka. Akaona kule mbele mgongo wa Mkuu Maeng, ule mgongo alioutazama kila siku zaidi kuliko alivyoutazama uso wa mama yake, na ghafla kicheko kikaanza kumtekenya tumboni. Akakibana. Kikazidi. Kinywa kilipofunguka yakatoka maneno ambayo katika idara ile hayajawahi kutamkwa.

"Mkuu, tumepotea."

Ndege mmoja alilia. Meneja Pyo alifumba macho.

Mkuu Maeng aligeuka polepole. Alimtazama Yeon-hwa, akawatazama wengine, kisha akaketi juu ya jiwe kwa mguno wa mtu aliyetua gunia.

"Najua," alisema. "Tumepotea tangu kule njia panda."

"Sasa mbona ulikuwa unaendelea, Mkuu?" Meneja Pyo aliuliza, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

"Nilisubiri mtu aniambie. Nikaona mko kimya, nikasema labda njia ipo, watu wazima hawa hawawezi wote kunyamaza."

"Sisi tulikuona una uhakika."

"Uhakika wa wapi, Pyo? Magoti yananiuma tangu mwezi wa tano. Hiyo mandhari nilikuwa naitazama ili nivute pumzi."

Kisha Eun-gyo alitoa sauti kama ya birika linalochemka, akaziba mdomo kwa glavu, ikawa amechelewa. Kicheko kikamshika aliyekuwa kando yake, kikaruka kwa mwingine, mpaka fimbo zikaanguka.

"Samahani, Mkuu," alisema Yeon-hwa akijifuta machozi. "Kama hupendi mlima, kwa nini tunakuja?"

"Makamu wa Rais wa kampuni alinikuta kwenye lifti. Akaniuliza, Maeng, watu wako wanapanda mlima? Nikasema ndiyo."

"Na wakati huo mlikuwa mnapanda?"

"Kabla ya hapo, mara ya mwisho nilipanda nikiwa jeshini, tena kwa kutukanwa."

Hapo Meneja Pyo alivua kofia. "Na mimi niseme langu. Pombe ya mchele inaniwasha mwili mzima. Miezi yote hii nimekuwa nikiimwaga."

"Unaimwaga wapi? Mimi ndiye ninayekumiminia."

"Kwenye soksi, Mkuu."

Eun-gyo alilala chini kabisa, juu ya majani makavu, akipigapiga ardhi kwa mkono. Akasema kutoka hapo hapo kwamba yeye ana mchumba, na mchumba huyo hajawahi kumwona mchana wa Jumamosi, na anaanza kushuku kwamba Eun-gyo ana mume mahali. Mwingine akakiri kwamba anaogopa urefu. Mwingine akasema hana tatizo na mlima ila hawezi kuvumilia nyimbo za kampuni kileleni. Kila aliyesema alipata makofi.

"Na wewe, Msaidizi Tak?" aliuliza Mkuu. "Yule mama wa kwenye simu ni nani?"

"Nahodha wangu. Nina fainali saa nane."

Akafungua zipu ya koti, na jezi nyekundu ikaonekana, namba kifuani na kila kitu.

Mkuu Maeng alitazama jezi, akatazama saa yake, akasimama kana kwamba magoti yale ni ya mtu mwingine.

"Sasa tumekaa hapa tunafanya nini?"

Walishuka mlima kwa matako zaidi kuliko kwa miguu. Waliteleza kwenye maganda ya njugu pori yenye miiba, wakashikana mikoba, vyeo vikachanganyika, wa mwisho akawa wa kwanza na Meneja Pyo akapitwa na kila mtu. Walitokea kwenye shamba la kabichi, ambapo mkulima mmoja alikuwa anapakia gari lake dogo la mizigo. Mkulima aliwaona watu waliovaa kama wapanda milima wa barafu wakitoka kichakani wanacheka na majani vichwani, akadhani wamekula uyoga mbaya.

"Mzee," Yeon-hwa alimwinamia sana, "unaelekea mjini?"

"Naelekea sokoni."

"Uwanja uko njiani. Tunakuomba."

"Nyote hawa?"

"Tutazishika kabichi zisianguke," alisema Mkuu Maeng, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaahidi wateja.

Basi idara ya mauzo ikaingia mjini juu ya gari la kabichi. Mkuu alipakata kabichi kubwa mapajani kama mjukuu. Kwenye taa nyekundu watu wa basi la pembeni waliwatazama, Eun-gyo akawapungia mkono, nao wakapunga.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Dada Ok-sun alipomwona Yeon-hwa anarukaruka kwa mguu mmoja huku anavua suruali ya mlimani, hakumsalimu.

"Kulia," alisema. "Nenda. Nitakutukana baadaye."

Yeon-hwa alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Miguu ilikuwa imechoka na mlima, lakini kichwa kilikuwa chepesi, na kila alipogusa mpira alisikia sauti kutoka pembeni ya uwanja, sauti aliyoizoea kwenye mikutano ya Jumatatu.

"Msaidizi Tak, pasi. Msaidizi Tak, nyuma yako. Msaidizi Tak, huyo mwache Meneja Pyo atamroga."

"Yule baba anayekuita msaidizi ni nani?" aliuliza Dada Ok-sun akihema.

"Bosi wangu."

"Mbona ana kabichi?"

Mpira ukamjia Yeon-hwa. Aliupokea kwa kifua, akampita mwalimu wa shule ya chekechea wa timu pinzani, akaupiga. Ukagonga mwamba, ukamgonga kipa kisogoni, ukaingia. Halikuwa bao zuri, lakini idara ya mauzo iliingia uwanjani kulishangilia, refa akaifukuza, na Mkuu Maeng akaonyeshwa kadi ya njano ingawa hakuwa mchezaji. Mwishowe walifungwa, kwa bao la dakika za lala salama. Yeon-hwa alilala kifudifudi kwenye nyasi na kugundua kwamba bado anacheka.

Kwenye mkahawa wa Dada Ok-sun, kuku walipokuwa wakikaangwa kwenye sinia la chuma, Mkuu Maeng aliinuka na kuanza kuwamiminia watu, yeye mwenyewe, akianzia kwa wenye vyeo vya chini. Kwa Meneja Pyo alimimina maji.

Jumatatu asubuhi tangazo likatoka ghorofa ya juu. Makamu wa Rais alikuwa ameiona picha ya uwanjani aliyoituma Meneja Pyo, na alifurahishwa mno na moyo wa idara ya mauzo. Kuanzia wiki hii idara zote zitacheza mpira kila Jumamosi. Kocha atakuwa Msaidizi Tak. Hakuna anayelazimishwa.

Yeon-hwa alilisoma mara mbili. Kisha akaenda mpaka kwenye meza ya dirishani, akainama.

"Mkuu, kwa heshima zote, hapana."

Mkuu Maeng aligeuza kiti. Alikuwa na mkwaruzo wa mwiba puani.

"Sema tena," alimwambia. "Taratibu."

"Kwa heshima zote, hapana."

"Unainama kabla au baada?"

"Kabla. Ukiinama baada ya kusema, utaonekana unaomba radhi."

Mkuu akajaribu mwenyewe. Mara ya kwanza alisema "kwa heshima zote, ndiyo," na idara nzima ikaguna. Meneja Pyo akajitolea kuigiza Makamu wa Rais, akaketi kitini, akakunja uso. Wakarudia mpaka Mkuu akaweza kulitamka lile neno bila kukohoa. Kisha akafunga kifungo cha koti na kuelekea kwenye lifti, midomo ikimchezacheza. Hakuna aliyefanya kazi mpaka aliporudi.

"Nimesema," alisema.

"Akasemaje?" waliuliza kwa pamoja.

"Akanimiminia chai. Akaniuliza, sasa Jumamosi watu watafanya nini? Nikamwambia sijui, Bwana Makamu, nafikiri ni zao."

Kabla ya chakula cha mchana tangazo lilifutwa. Pakawekwa jingine, la idara zote kunywa chai pamoja Jumatano, ndani ya saa za kazi. Watu walinung'unika kidogo, kwa kuwa chai yenyewe ilikuwa ya shayiri na hotuba ilikuwepo, lakini walikunywa wameketi, na magoti hayakudaiwa kitu.

Jumamosi iliyofuata Yeon-hwa alikuwa mazoezini, anafunga viatu, simu ikaita kwa namba asiyoijua. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya wasiwasi, akajitambulisha kuwa mke wa Mkuu Maeng.

"Samahani kwa usumbufu, binti," alisema. "Niambie ukweli, sitakasirika. Mume wangu amefukuzwa kazi?"

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Yuko nyumbani. Ameamka, amekunywa supu, amelala tena. Sasa ananiuliza kama nataka twende sinema."

"Nenda naye, mama," alisema Yeon-hwa, na Dada Ok-sun alikuwa tayari anamtukana kutoka katikati ya uwanja.