Kichuguu cha Kiden

Naapa kwa meno machache niliyobakiwa nayo: haya yote ni kweli tupu. Sikuwapo, sawa. Lakini Keji, binti wa marehemu kaka yangu Santo, alinisimulia kwa simu kutoka Watamu, na pale simu ilipokatika nilijazia mwenyewe, kwa uangalifu.

Basi Kiden, mama yake Keji, alikuwa amesimama katikati ya msitu wa pwani, mikono ameitanua kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani, na mbele yake kundi la wageni wenye kamera.

"Tokeni hapo! Hapana panda! Mwenyewe akija mtalipa mbuzi!"

Nyuma yake kulikuwa na kichuguu. Keji anasema kilimfika mama yake kifuani. Mimi nasema kilikuwa kirefu kuliko kanisa la Mvara kule kwetu, na twiga wawili walipumzika kwenye kivuli chake.

"Mama," alisema Kahindi, mtembeza wageni, huku amevua kofia, "msitu huu ni wa serikali. Kichuguu hiki hakina mwenyewe."

"Hakuna kichuguu haina mwenyewe. Kwetu Midia hata mtoto anajua hii iko ya nani, ile iko ya nani. Ita yeye."

"Nimwite nani sasa?"

Kiden akaita mwenyewe. Aliigeukia miti, akapiga hodi kwa sauti ile ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. "Mwenye kichuguu! Sisi tunapita tu! Hatuna kikapu!" Kisha akasubiri. Tumbili akakohoa juu ya tawi. Wageni wakacheka, halafu wakanyamaza, mmoja mmoja, walipoona kwamba kweli anasubiri.

Keji alitamani ardhi immeze. Anapika katika nyumba moja ya wageni huko, na likizo hii ya mama yake aliipanga mwaka mzima: siku moja kutembea juu ya mbao katikati ya mikoko, siku nyingine msitu, na kesho yake boti yenye kioo chini, ya kutazama samaki wa rangi. Na Kiden alikuwa akifurahi. Alionja maji ya bahari akauliza ni nani aliyemwaga chumvi yote hii. Kaa mmoja alimvua kiatu, akakivaa, akaondoka nacho akichechemea kwa sababu kilimpwaya. Hilo la kaa Keji analikana, lakini yeye wakati huo alikuwa ananunua nazi.

Lakini kichuguu si jambo la mchezo. Santo alipofariki alimwachia Kiden watoto na kichuguu kimoja, pembeni ya shamba la muhogo kule Midia. Kiden hukipalilia pembezoni kama watu wengine wanavyopalilia kaburi. Msimu ukifika hukijengea kibanda cha matawi na nyasi, huchimba kishimo na kukitandika majani ya ndizi, kisha hukaa akigonga kijiti juu ya kijiti, tak-tak-tak, mpaka kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke, wateleze, waanguke kishimoni. Kwa kumbikumbi wale wa kukausha, wauzwao soko la Koboko, mjini kwetu mpakani, ndio Keji alisoma. Na sheria ya ukoo iko wazi: anayevuna cha mwenzake hulipa mbuzi, na kichuguu kikipita msimu bila kuvunwa kwa jina la mwenyewe, ukoo unaweza kumpa mtu mwingine. Mtu mwingine huyo, wa kwanza kwenye foleni, alikuwa shemeji yake, Lukudu. Yaani mimi.

Kiden akainama. Midomo ya kichuguu kile cha msituni ilikuwa imefunguliwa upya, udongo mbichi, na wale wadudu wenye vichwa vikubwa wamejipanga ukingoni kama askari wa mpakani. Dalili hiyo aliijua.

"Keji, piga simu nyumbani. Uliza kama mvua imenyesha."

"Mama, wadudu wa hapa na wa Midia hawaambiani."

"Uliza."

Keji akanipigia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na sasa jua lilikuwa kali. Nikasema kweli, ndio udhaifu wangu. Kiden akaichukua simu.

"Shemeji, hawa wako karibu kutoka. Jenga kibanda, vuna, na utaje jina langu mbele ya majirani. Mimi nakuja."

"Haraka ya nini, shemeji? Kaa, kula samaki."

"Nakuja."

Jioni hiyo Keji alimfungia mama yake mzigo bila kumtazama. "Boti tumeshailipia, mama. Hujaona hata samaki mmoja wa rangi."

Kiden akamshika kidevu, akamgeuza uso. "Samaki watakaa, mwanangu. Hawana mabawa."

Akapanda basi, na basi jingine, na jingine, mpaka miguu ikamvimba. Aliposhuka Koboko alinikuta kwenye benchi la Madina muuza chai, watu wamenizunguka, nami nimefika pazuri pa hadithi.

"...nikakimbilia Midia, pikipiki ikazima, nikaibeba begani! Nikafika, wapi! Kumbikumbi wamesharuka wote, hata mmoja hakubaki! Msimu umepotea. Walianza mdomo wa chini, ule wa upande wa muhogo, kidogo kidogo, halafu wa juu ukafoka kama sufuria ya uji! Wakaziba jua, kuku wa kijiji cha Oraba wakaenda kulala mchana!"

Benchi zima likacheka. Madina peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma yangu, birika mkononi.

"Shemeji," ilisema sauti ya Kiden. "Ulifika wamesharuka?"

"Wote, shemeji. Naapa."

"Sasa nani aliona mdomo ya chini imeanza kwanza?"

Nimewahi kujibu maswali ya askari, ya wakwe, na ya padri mmoja mkali sana. Kwa hilo nilimsukumia Madina kikombe changu aniongeze chai.

"Muzee," Madina akasema, akiimimina chai yangu chini taratibu, "ile mbuzi yako nyeupe bado iko?"

Kabla jua halijashuka nilikuwa Midia, gunia la kumbikumbi begani, lile lililokuwa chini ya kitanda changu, na mbuzi nyuma yangu akivuta kuelekea tulikotoka. Majirani walikuja. Nikasimama kando ya kichuguu nikasema kimevunwa msimu huu, na kimevunwa kwa jina la Kiden. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu zaidi, yenye tembo ndani yake, lakini Kiden aliinua mkono.

Hakunitukana. Hakunawa hata vumbi la basi. Aliketi, akamimina kumbikumbi kwenye ungo, akaanza kupepeta. Mabawa yakainuka, mepesi, yanang'aa, yakapita juu ya muhogo na juu ya vichwa vyetu, na upepo ukayachukua upande wa mpakani. Mimi nilisimama pale na kamba ya mbuzi mkononi, nimeinyoosha kwake, na yeye bado anapepeta.