Maziwa ya Zizi la Bulle

Kwa miaka sita Abdia alichukua maziwa kwa Bulle kila asubuhi, akayauza mabichi sokoni Garsen, na kikombe cha kwanza akampa binti yake, Nimo. Huo ulikuwa ujinga wake, na aliukiri mwenyewe. Bulle hakuwa mjinga. Bulle alijua, na hilo ndilo lililomkaa Abdia kooni.

Nimo aliharisha damu, homa ikakataa kushuka. Hospitalini dawa ya kwanza ilishindwa, ya pili ikashindwa. Daktari akasema vijidudu vilivyomwingia vimeshazoea dawa. Sindano kali ya mwisho ilimponya, lakini ikaondoka na masikio yake. Ana miaka saba, na leo ukimwita hageuki.

Masha, afisa wa mifugo, alipima maziwa ya Bulle akakuta vijidudu vya namna ile ile. Bulle alikuwa akiwadunga ng'ombe antibiotiki kila wakikohoa, na kuwakamua siku hiyo hiyo. "Nilimuonya mwaka jana," Masha alimwambia Abdia. "Nikamwambia angalau awaambie wanunuzi wachemshe."

Abdia aliyatangaza hayo yote sokoni. Bulle akaja juu, akaita maslaha, kikao cha wazee cha kupatanisha, akaleta wazee watatu nyumbani kwa Abdia wamfunge mdomo. Masha alikuwa ameshahamishiwa Nanighi, kwa hiyo likabaki neno la mama muuza maziwa dhidi ya la mwenye ng'ombe mia mbili. Abdia alitaka kitu kimoja tu: wazee walisikie kutoka kinywani mwa Bulle mwenyewe.

Akawakaribisha kwenye mkeka kwa adabu zote. Bulle alizungumza kwanza.

"Mimi hakuna mtu alinionya," alisema. "Maziwa yangu ni safi. Huyu mama huzuni imemzidi. Mimi namsamehe."

Anamsamehe! Abdia aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa kilichofukizwa vizuri, harufu ya moshi ikatangulia. Akamimina kikombe kimoja, akampa Bulle kwa mikono miwili.

"Mzee Bulle, haya yametoka zizini kwako leo. Kunywa, tumalize maneno."

Hapo hakuna mtu anayekataa maziwa ya mwenyeji, tena siku ya maslaha. Bulle alikipokea kikombe, akakifikisha mdomoni, akakishusha.

"Umeyachemsha?" aliuliza.

Mzee Jilo, mkubwa wa wale wazee, aligeuka akamtazama. Kwao wafugaji maziwa hunywewa mabichi; tangu azaliwe alikuwa hajasikia mfugaji akiuliza swali hilo.

"Miaka sita nachukua maziwa kwako," Abdia alisema taratibu, "hukuniambia hata siku moja nichemshe."

Jilo alichukua bakora yake, akasimama.

"Kunywa, Bulle," alisema. "Tunangoja."

Bulle aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akavaa viatu na kwenda zake. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa Garsen aliyesimama zizini kwake na mtungi.

Wageni walipoondoka, Abdia alikiokota kile kikombe. Hayakuwa ya zizi la Bulle; yalikuwa ya ng'ombe mmoja aliyemnunua Abdia mwenyewe baada ya Nimo kuugua, na alikuwa ameyachemsha mara mbili. Hakujutia uongo ule hata chembe. Alimwendea Nimo, akamgusa bega ili ageuke, akampa anywe.