Asiye wa Popote

...na kumbe penseli yenyewe nyepesi hivi, wameishika wengi tangu saa moja asubuhi, na Tokinaga anachotakiwa ni kuandika jina lake mwenyewe, basi, atumbukize karatasi sandukuni, avue sapatu hizi za shule hii inayopigiwa kura, avae viatu vyake aende zake, lakini macho yamenasa kwenye orodha iliyobandikwa mbele ya kibanda, majina mawili tu, Hirabuki juu, na chini yake jina la chama, chama kilekile kilichokaa chini ya jina la Tokinaga vipindi vinne, miaka kumi na sita, na chini ya Tokinaga leo, *mushozoku*, ndivyo wanavyoandikiwa wagombea binafsi, ila ukilisoma polepole neno hilo halisemi binafsi, linasema asiye wa popote... Hirabuki, aliyembebea mkoba miaka tisa, na harusini kwake mshenga alikuwa nani kama si Tokinaga, wala hamlaumu, hapana, anamlaumu, ya nini kujidanganya, linamuuma... na yote haya kwa sababu ya kukaa, maana baraza la mkoa hupiga kura kwa kusimama, anayeunga mkono husimama, na siku ile ya kufuta basi la bondeni kuanzia mwaka ujao wenzake wote walisimama kwa mshindo mmoja, yeye akabaki kitini, mikono mapajani, anatazama migongo ya rafiki zake, "Tokinaga, simama," mwenyekiti wa chama akanong'ona bila kugeuka, "au mguu umekufa ganzi?", na waliokuwa karibu wakacheka, walikuwa wanampa mlango wa kutokea, angesema ndiyo, umekufa ganzi, akasimama, yakaisha... hakusimama, na mwezi haukuisha akafukuzwa chamani, simu ya nyumbani ikanyamaza, mkewe Yoriko akawa anaipangusa vumbi kila asubuhi...

"Nitajie jina, bibi, mimi nitakuandikia," karani anasema kibanda cha pili.

"Paza sauti, mjukuu wangu, masikio yangu yameshastaafu," na hiyo ni sauti ya Bibi Sawae, nani asiyeijua, miaka themanini na tisa, mikono inatetemeka hawezi kushika penseli, ndiyo maana karani mmoja anamwandikia na mwingine anashuhudia, kliniki Jumanne na Ijumaa, kwa basi, theluji isinyeshe au inyeshe...

"Jina la unayemchagua, bibi. Polepole tu."

"Yule wa basi."

Tokinaga anaacha kupumua, mimi hapa, bibi, niko hapa, hatua mbili tu, lakini mgombea akifungua mdomo humu ndani ni kampeni, ni kosa, anauma ulimi, na karani anasema hakuna jina kama hilo, na bibi anafikiri, anafikiri...

"Tokinaga Tamotsu," anasema, na moyo wa Tokinaga unamshuka, huyo ni baba yake, marehemu mwaka wa kumi na moja huu, kura ya marehemu hutupwa, mwanawe, bibi, sema mwanawe...

"Huyo hayumo, bibi. Basi nionyeshe kwa kidole."

Mtu anaburuta sapatu mlangoni.

"Huyu wa chini. Anao uso wa baba yake, jina ndilo linanipotea. Na hapa chini yake pameandikwaje?"

"Mushozoku, bibi. Tafadhali, punguza sauti."

"Asiye wa popote?" Bibi Sawae anacheka. "Nani kaandika uongo huu? Kwao si pale juu ya kinu cha mpunga? Haya, andika."

...kura moja, moja tu, na mjini huko chini wako maelfu wasiolijua basi lenyewe, jioni pengine atashindwa, atashindwa, na kesho atakuwa palepale juu ya kinu, Yoriko atapika supu, Bibi Sawae atapita na fimbo yake kwenda kituoni, kwao ni pale, kumbe ni rahisi hivyo, machozi ya nini sasa, mtu mzima na penseli mkononi... msimamizi anakohoa, anasema bwana Tokinaga, wenzako wanasubiri, naye anasema samahani, anatazama tena yale maandishi madogo chini ya jina lake, uongo mtupu, na karatasi bado nyeupe.